Nunua Kivuli, Usinunue Joto: Kulima Mboga za Baridi Mtama, Lindi

Kabla hujampigia simu fundi wa vitalu nyumba, nenda Lindi mjini au Masasi ukanunue kipimajoto. Cha kawaida cha ukutani kinatosha, ingawa kile kinachoweka kumbukumbu ya kiwango cha juu na cha chini kwa siku ni kizuri zaidi. Kitundike kivulini, usawa wa kifua, hapo hapo unapotaka kulima. Kisome alfajiri kabla jua halijachomoza, kisha ukisome tena saa nane mchana, na uandike kwenye daftari. Namba ya mchana itakutisha. Ile ya alfajiri ndiyo itakayoamua kama utauza nyanya au utauza mbao za banda.

Sababu yake iko ndani ya ua la nyanya. Nyanya hustawi majani hata kwenye joto kali, na mkulima akiangalia shamba lake la Januari anaweza kudhani mambo ni mazuri. Lakini mchana ukizidi nyuzi 32 na kuelekea 35, na usiku usiposhuka chini ya 22 au 23, chavua hudhoofika. Ua linafunguka vizuri, rangi yake ya njano haina kasoro, kisha baada ya siku mbili tatu kikonyo kinageuka njano pale kwenye kifundo na ua zima linadondoka. Ukipita asubuhi utayakuta yametapakaa juu ya tuta. Wengi hapo hudhani udongo hauna nguvu, wanaongeza urea, na mmea unajibu kwa kutoa majani mengi zaidi. Pilipili hoho nayo hufanya hivyo hivyo. Kabichi haina shida ya ua, ila ikikosa ubaridi hubaki na majani yaliyotawanyika na kichwa hakifungi. Saladi huharakisha kutoa shina la maua na kuwa chungu.

Sasa fikiria kitalu nyumba chenyewe. Kilibuniwa na watu wa nchi za baridi kwa ajili ya kunasa joto. Nailoni hupitisha mwanga wa jua, udongo na mimea hupata moto, hewa ya ndani inapata moto, na hewa hiyo haina pa kutokea. Kwa Mholanzi mwezi wa Machi hiyo ni neema. Kwa mkulima wa Njombe au Lushoto, ambako usiku wa Julai unaweza kumgonganisha mtu meno, bado ina maana. Hata waridi za Naivasha, zilizofanya Wakenya wengi wajue kitalu nyumba ni nini, ziko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900. Mtama iko kwenye bonde la mto Lukuledi, nyuzi kumi na kidogo kusini mwa ikweta, karibu na bahari. Ukifunga nailoni pande zote hapa mwezi wa Januari, saa saba mchana ndani ya banda ni sawa na ndani ya gari lililofungwa vioo na kuachwa juani.

Na hata ukifungua pande zote mchana, tatizo la usiku linabaki. Hakuna nailoni wala neti ya kivuli inayoweza kukuuzia usiku wa baridi. Neti hupunguza jua la mchana, basi. Miezi ya Desemba hadi Machi usiku wa Pwani ni wa joto, na ua la nyanya halidanganywi.

Kwa hiyo mwongozo huu unasimama juu ya jambo moja: baridi ya Mtama inapatikana kwenye kalenda na kwenye mwinuko, na vifaa vya dukani kazi yake ni kuzuia mvua, wadudu na jua kali. Ukinunua vifaa kwa kazi hizo tatu, vitakulipa. Ukivinunua kwa sababu ulivutiwa na picha ya kitalu nyumba cha Arusha, utakuwa umenunua joto ambalo Mungu amekupa bure. Mkoa wetu ulishapata funzo la namna hiyo. Mwaka 1947 serikali ya Waingereza ilianza Mpango wa Karanga, na Nachingwea ikawa moja ya maeneo yake matatu pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta yalikuja, reli ikajengwa, na kufikia mwaka 1951 mpango mzima ulikuwa umekufa. Waliopanga walitazama ramani na mashine, hawakutazama mvua na udongo.

BARIDI ULIYO NAYO TAYARI

Upepo wa kusi unapoanza kuvuma sawasawa, kuanzia Mei na zaidi Juni hadi Agosti, daftari lako litaonyesha namba za alfajiri zikishuka. Hiki ndicho kipupwe, na ndicho kitalu nyumba chako cha kwanza. Kila kitu unachofanya kwa nyanya, hoho, kabichi na karoti kipangwe ili hatua ngumu ya mmea iangukie humo.

Chukua nyanya. Miche hukaa kitaluni siku 25 hadi 30. Baada ya kupandikiza, maua ya kwanza hutoka takribani wiki nne baadaye, na tunda huchukua wiki sita hadi saba kutoka ua mpaka kuiva. Hesabu kwa kurudi nyuma. Ukitaka maua Juni, pandikiza mapema Mei, maana yake sia mbegu mapema Aprili. Utachuma kuanzia mwisho wa Julai. Awamu ya pili sia katikati ya Juni, upandikize katikati ya Julai, maua yaje Agosti, uchume Oktoba. Usisie tena baada ya mwanzo wa Julai ukitegemea nyanya kubwa, kwa sababu maua yatakutana na joto la mwisho wa Septemba na Oktoba. Jua hupita utosini kwetu mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 20 Oktoba na tena karibu tarehe 20 Februari, na ukisimama shambani siku hizo saa sita na ushee mchana utauona mti ukikosa kivuli.

Kabichi isiwe na haraka wala isichelewe: mbegu mwisho wa Aprili, miche shambani mwisho wa Mei, vichwa Agosti. Dukani omba aina iliyozalishwa kwa ajili ya joto na usome pakiti. Aina zinazosifiwa Mbeya na Iringa zinaweza kukuangusha Mtama. Karoti hupandwa moja kwa moja kwenye tuta Mei au Juni, na mchanga wetu mwepesi huipenda, mradi uufunike kwa majani makavu mpaka iote na usiache sehemu ya juu ikauke hata siku moja katika wiki mbili za mwanzo. Mchicha, bamia, matembele, nyanya chungu na mlenda havihitaji hesabu hizi zote. Ni wenyeji wa joto, na anayevijengea banda la gharama ana pesa za kuchezea.

Baridi ya pili iko juu. Uwanda wa Rondo hupanda hadi karibu mita 900, na kwa kawaida joto hupungua takribani nusu nyuzi au zaidi kidogo kwa kila mita 100 unazopanda. Tofauti ya nyuzi nne au tano kati ya bondeni na Rondo ndiyo tofauti kati ya kabichi iliyofunga na iliyotawanyika. Kama una ndugu au shamba la ukoo huko, hapo ndipo pa kujaribu kabichi na karoti kwa msimu mrefu kuliko wa bondeni. Shida ya juu ni maji. Udongo ni wa kichanga, mvua huzama moja kwa moja, na chemchemi mara nyingi utazikuta miguuni mwa uwanda. Huko paa la nailoni lina kazi ambayo watu hawaifikirii: kuvuna maji. Kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 8 kwa 15 likinyeshewa milimita 100 limekupa lita 12,000, ikiwa una mfereji na pa kuyaweka.

Baridi ya tatu wachache huizungumzia. Usiku usio na upepo, hewa ya baridi huwa nzito na huteremka mabondeni kama maji. Weka kipimajoto kimoja mteremkoni na kingine chini karibu na mto, usome alfajiri ya Julai, na huenda utakuta bondeni ni baridi zaidi. Ndiyo maana bustani za kandokando ya Lukuledi zina faida mbili, maji na usiku mzuri. Gharama yake ni umande, na umande ukikaa juu ya jani hadi saa tatu asubuhi unaleta baka jani. Usipande nyanya za bondeni karibu karibu. Acha sentimita 50 hadi 60 kati ya miche na nafasi ya mtu kupita kati ya mistari, na uelekeze mistari kule kusi inakovumia ili upepo ukaushe majani.

PAA, NETI NA KIBANDA CHA MICHE

Anza na kibanda cha miche. Ni kidogo, mita 2 kwa 5 hivi, na ndicho kitu chenye faida kubwa kuliko vyote kwa pesa utakayotoa. Angalia tena kalenda: mbegu za nyanya zinasiwa Aprili, na Aprili mvua bado ni nzito. Tone zito likipiga mche wa siku nane linaulaza, udongo unarukia majani, na kuoza shina kunafuata. Pinda fito au mabomba ya plastiki ya maji kwa upinde, tandaza nailoni juu tu, pembeni zungushia neti ya kuzuia wadudu. Inua meza ya miche kutoka chini, usawa wa kiuno, ili kuku na konokono wasifike. Mchana wa jua kali tandika makuti machache juu, yaliyopangwa kwa nafasi, na uyaondoe wiki ya mwisho ili miche ikomae. Miche iliyolelewa kivulini hadi mwisho huwa mirefu na laini kama imeogopa kitu, na shambani hulala siku ya kwanza.

Kwa udongo wa trei, Pwani tuna makumbi ya nazi. Yaliyopondwa hadi kuwa unga ndiyo ile kokopiti inayouzwa madukani kwa bei. Ukitengeneza mwenyewe, yaloweke na kuyasuuza kwa maji matamu mara kadhaa, kwa sababu makumbi hubeba chumvi, kisha changanya na samadi iliyooza vizuri. Ukionja maji ya mwisho ya kusuuzia na bado unasikia chumvi, endelea.

Kinachofuata ni paa la mvua. Hili ni paa la nailoni lisilo na kuta kabisa, na kwa maoni yangu ndilo jengo sahihi la mkulima wa Mtama anayetaka nyanya au hoho katika mwezi wenye mvua. Magonjwa mengi ya majani ya nyanya husafiri kwa matone ya maji. Ukiyafanya majani yabaki makavu umemaliza nusu ya kazi ya dawa. Liwe jembamba, mita 4 au 5, ili hewa ipite upande hadi upande, na pembeni liwe na urefu usiopungua mita mbili na nusu. Katikati lipande zaidi, na kama fundi anaweza, paa la upande mmoja lipite juu ya lenzake na kuacha mwanya wa hewa moto kutokea. Hapa utabishana naye. Mafundi wengi wamejifunzia kazi nyanda za juu na watataka kukujengea banda fupi lililobana, kwa kuwa huko banda fupi linahifadhi joto. Shikilia msimamo wako. Mwambie unataka banda refu, lenye mwanya juu, na kwamba nguzo za ziada utalipia.

Upande mrefu wa banda utazame kusini na kaskazini. Kusi itaingia upande mmoja katikati ya mwaka na kaskazi upande wa pili kuanzia Novemba. Kumbuka pia kwamba Juni jua letu la mchana hukaa upande wa kaskazini, zaidi ya nyuzi thelathini kutoka utosini, hivyo mwembe au mkorosho ulio kaskazini mwa banda utakutupia kivuli msimu ule ule unaouhitaji mwanga.

Nguzo za mvinje au mlingoti zinafaa. Sehemu inayozama ardhini ipakwe oili chafu dhidi ya mchwa na ikaushwe kabla ya kusimikwa. Boriti za mikoko zivutie macho yako kadiri zitakavyo, usizikate bila kibali. Popote nailoni inapogusa mti, zungushia mpira wa ndani wa baiskeli au kitambaa, kwa sababu msuguano na joto la mti ndivyo vinavyoitoboa. Nailoni yenyewe iwe ile ya vitalu nyumba, maikroni 200, yenye kinga ya jua. Ile nyeusi au nyeupe ya ujenzi itapasuka miezi michache tu baadaye. Ifunge kwa kamba kutoka juu, zikivuka paa na kushikwa na vigingi vilivyozama. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitua Msumbiji, ng'ambo tu ya mto Ruvuma, na Mei 2024 Hidaya ikaipiga pwani yetu yenyewe na kukata barabara ya Dar es Salaam kule Kilwa. Ukisikia Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa tahadhari, kunja nailoni mapema. Mifupa ya banda bila nailoni hupitisha upepo, na nailoni iliyokunjwa inarudishwa keshokutwa.

Wahispania wa Almería, wenye zaidi ya hekta 30,000 za mboga chini ya nailoni, hupaka mapaa yao chokaa nyepesi majira ya joto yanapokaribia. Nawe unaweza: chokaa iliyochanganywa iwe nyepesi kama maziwa, ipakwe juu kwa brashi Oktoba, na mvua za Desemba na Januari zitaisafisha taratibu zenyewe.

Neti ya kivuli ni kitu kingine, na hapa watu hukosea kwa kupenda giza. Kwa nyanya na hoho chukua inayozuia asilimia 30 hadi 40 ya jua. Ya asilimia 75 ni ya kuegeshea magari. Chini yake mmea utajivuta kutafuta mwanga na kuzaa kidogo. Itandaze juu, mbali na vichwa vya mimea, na iwe ya kuvuta na kukunjua: ifunguke asubuhi na jioni, ifunike kuanzia saa nne hadi saa tisa. Hoho hunufaika zaidi ya mboga yoyote, kwa kuwa tunda lake likiachwa wazi huungua upande mmoja na kubaki na kovu jeupe linalofanana na karatasi, na mnunuzi sokoni haliangalii mara mbili.

Ukiongeza neti ya wadudu pembeni, umepata banda la neti. Adui wawili ndio wanaokulazimu. Wa kwanza ni kantangaze, kile kipepeo kidogo cha kijivu kilichotoka Amerika ya Kusini na kuthibitishwa nchini mwaka 2014, ambaye funza wake huchimba kati ya ngozi mbili za jani na kuacha doa kama jani limeunguzwa, kisha huingia kwenye tunda karibu na kikonyo. Wa pili ni inzi weupe wanaoeneza rasta, ule ugonjwa wa majani kujikunja na mmea kudumaa. Chandarua cha kitandani humzuia kantangaze lakini inzi mweupe anapita. Kwa huyo unahitaji neti yenye matundu madogo sana, ile inayouzwa kama namba 50, nayo hubana hewa. Kwa hiyo amua. Bondeni Juni hadi Agosti, kuna baridi ya kutosha kuivumilia neti nzito. Novemba hapana. Njia ya kati ni kuweka neti nzito kwenye kibanda cha miche tu, maana rasta ikiupata mche mchanga hasara ni ya msimu mzima, ikiupata mmea wenye matunda unaweza kuchuma kilichopo. Mlango uwe wa pazia mbili zenye nafasi ya mtu kusimama katikati, na asiingie mtu aliyetoka kwenye nyanya za jirani.

Ndani ya banda la neti nyuki hawaingii. Nyanya haijali sana, itikise tu: gonga kamba zinazoishikilia kila siku mbili, saa nne asubuhi, umande umekauka. Tango liwe la aina inayozaa bila kuchavushwa, na pakiti huandika. Tikiti maji usiliingize ndani kabisa.

UDONGO UNAOBAKI NDANI

Shamba la wazi likichoka au kuugua unahama. Banda halihami, na hili ndilo limewamaliza wengi mwaka wa pili. Msimu wa kwanza nyanya zilijaa, picha zikapigwa. Wa pili mimea ikaanza kunyauka mchana ikiwa bado mibichi, moja hapa, tatu kule, kisha mstari mzima.

Ukiona mmea umenyauka ghafla na udongo una unyevu, kata shina karibu na ardhi. Chukua glasi ya maji safi, ushikilie kipande cha shina ili sehemu iliyokatwa iguse maji, na usitikise. Mnyauko wa bakteria ukiwepo, ndani ya dakika chache utaona uzi mweupe kama moshi ukishuka kutoka kwenye shina. Hakuna dawa ya kuutibu. Ng'oa mmea na udongo wake, choma mbali, usipitishe maji ya mfereji kutoka hapo kwenda kwingine, na usirudishe kwenye tuta hilo nyanya, hoho, bilinganya, nyanya chungu wala viazi mviringo kwa miaka kadhaa. Panda mahindi, vitunguu au mchicha. Anayeng'ang'ania nyanya ahamie kwenye mifuko yenye udongo uliotolewa mahali safi, au ajifunze kuunganisha kilele cha mche wa nyanya juu ya shina la bilinganya lenye uvumilivu, kazi inayofundishwa na watafiti wa mboga wa Tengeru, Arusha. Kutoka Tengeru pia zilitoka, mwaka 1997, aina za Tanya na Tengeru 97, ambazo kwa mkulima anayeanza bado ni mbegu za kuheshimika na si ghali kama chotara.

Kwa minyoo fundo, magugu na fangasi wengi wa udongo, Mtama ina dawa ambayo Njombe hawana. Oktoba, mazao yakiwa yametoka na mvua hazijaanza, lima tuta liwe laini, limwagilie maji mengi, kisha lifunike kwa nailoni angavu iliyoshikana na udongo, kingo zake zifukiwe pande zote. Liache wiki nne hadi sita. Jua la utosini litaupika udongo ule wa juu mpaka usiweze kuushika kwa mkono mchana. Nailoni iliyotoboka ya paa la zamani inafaa, ukiziba matundu. Hapo ndipo mahali pekee kwetu ambapo kubana joto ni kazi nzuri, na banda lisilo na mmea ndani mwezi huo halijapoteza kitu.

Maji sasa. Mmea mkubwa wa nyanya siku ya jua hunywa lita moja na nusu hadi mbili. Mimea 200 inahitaji lita 300 hadi 400 kwa siku, kwa hiyo simtanki la lita 1,000 ni la siku mbili na nusu hadi tatu. Liinue mita moja au moja na nusu juu ya ardhi. Shinikizo hilo linatosha mipira ya matone isiyozidi mita 15 hivi. Weka chujio na ulioshe kila wiki, maana maji ya mto huja na matope. Mwagilia asubuhi, kidogo kidogo na kila siku. Nyanya iliyokauka Jumatatu na kufurikishwa Jumatano hupasuka au kuoza kitako, na kuoza huko dawa za duka haziponyi. Kama kisima chako kiko upande wa Mingoyo, Sudi au popote karibu na hori, peleka maji yapimwe chumvi kabla ya kununua hata mpira mmoja. Nyanya huvumilia chumvi kiasi. Karoti, maharage na vitunguu hazivumilii. Chini ya paa hakuna mvua ya kuiosha chumvi hiyo, kwa hiyo mara moja kwa mwaka, mvua zikiwa nzuri, toa nailoni na uiache mbingu ifue udongo.

Jambo la mwisho la shamba ni la kwetu sisi watu wa korosho. Kuanzia Juni mashine za kupulizia hunguruma kila kona dhidi ya ubwiriunga, na kila nyumba ina salfa au chupa iliyobaki ya dawa ya maji. Usiimalizie kwenye mboga. Dawa ya mkorosho imepangiwa muda wa kusubiri wa mkorosho, na nyanya unaichuma kila siku ya tatu. Salfa yenyewe ni dawa halali ya ubwiriunga wa mboga, lakini ikipuliziwa juani joto likizidi nyuzi 30 huunguza majani, na tango huungua kabla ya mboga nyingine. Bomba la korosho liwe la korosho. Mabanda yaliyo chini ya mikorosho ya jirani yafungwe upande huo siku anayopuliza. Mwombe tu akwambie jana yake.

Kuhusu soko sitasema mengi, kila mtu anamjua dalali wake. Nyanya na kabichi nyingi tunazokula zimepanda gari kutoka bara, na barabara ikikatika Somanga bei ya Mtama hupanda kabla ya jua kuzama. Nyanya zako za Oktoba zitakutana na minada ya korosho, watu wakiwa na pesa mkononi. Msimu wa joto, badala ya kulazimisha nyanya, lima tango chini ya paa la mvua: ni siku 45 hadi 50 tangu kusia mpaka kuchuma. Ukilenga soko la Ramadhani, hesabu tena kwa kurudi nyuma: ya mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu tarehe 8 Februari na ya 2028 mwisho wa Januari, hivyo mbegu za ile ya kwanza ziwe ardhini kabla ya Krismasi, za ile ya pili ziwe ardhini mapema Desemba, na nusu ya matuta isiwe na kitu ili usie tena wiki mbili baadaye.